Kwa nini skripti za The West Wing zinasomeka hata na mtu aliyekwisha kuitazama tamthilia yote?

#1 KalamuYaMwanzi

Habari wanajamvi. Naweka hoja mezani ili ipigwe kutoka kila upande.

Aaron Sorkin, mtunzi wa The West Wing, tamthilia ya kubuni kuhusu Rais wa Marekani na watumishi wake wa Ikulu, iliyorushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia Septemba 1999 hadi Mei 2006, ana vitabu viwili vya skripti zake. Kimoja ni cha mwaka 2002, chenye vipindi teule vya misimu miwili ya kwanza, na kingine ni cha mwaka 2003, chenye vipindi vya msimu wa tatu na wa nne. Kwa hesabu ya kawaida vitabu hivyo havikupaswa kupata wasomaji. Aliyeitazama tamthilia anajua tayari nani alisema nini, na asiyeitazama anakutana na kurasa zilizojaa majina ya wahusika kwa herufi kubwa, maelezo ya mstari mmoja kuhusu mahali na wakati, na majibizano yaliyokatwa vipande vipande. Pamoja na hayo, mimi huzisoma skripti hizi kwa hamu ambayo riwaya nyingi za siasa hazijawahi kunipa, na nimekutana na wengine wenye ugonjwa huu huu.

Dai langu ni kwamba skripti ya siasa inavutia kwa sababu hoja haikimbii. Kwenye skrini mwandishi wa hotuba anamjibu mshauri wa Rais huku wote wawili wakikaza mwendo kwenye korido, na kabla hujapima kama jibu lina mashiko, mlango umeshafunguliwa na wameingia kwenye mgogoro mwingine. Kwenye karatasi unaweza kusimama ukamuuliza yule mhusika: umethibitisha, au umesema vizuri tu? Karibuni.

#2 BintiSarufi

Asante kwa mada. Sababu ni nyepesi kuliko unavyoifanya, mkuu: wanazungumza haraka mno. Wanaofanya kazi hii huhesabu ukurasa mmoja wa skripti kuwa takriban dakika moja ya picha, lakini skripti za Sorkin zilijulikana kwa unene wake, kwa kuwa waigizaji walitakiwa kuzimaliza kurasa nyingi ndani ya dakika zile arobaini na kitu zinazobaki baada ya matangazo ya biashara. Anayesoma anarudishiwa kile ambacho sikio lake liliangusha. Washa maandishi ya chini ya skrini, na nina hakika hamu yako ya vitabu itapungua sana.

#3 MzeeWaManukuu

BintiSarufi, mimi hutazama kila kitu nikiwa nimewasha maandishi ya chini, kama jina langu linavyoshuhudia, na bado nilivitafuta vitabu hivyo. Maandishi ya chini hukupa mistari miwili kisha huyafuta. Hayakuonyeshi kwamba mtu mmoja amesema maneno matatu, mwenzake akayarudia kama swali, wa tatu akayarudia kama jibu, halafu ghafla ukurasa unajaa kwa sababu Toby Ziegler, mkurugenzi wa mawasiliano wa Ikulu, ameamua kusema kila kilichokuwa kifuani mwake. Umbo hilo jicho linaliona kabla hujasoma hata neno moja: weupe mwingi wa karatasi, kisha ukuta wa maneno, kisha weupe tena.

Tukumbuke vilevile kwamba Sorkin alitokea jukwaani. Alisomea tamthilia ya muziki Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwaka 1989 mchezo wake ulikuwa tayari Broadway, miaka kumi kabla ya kipindi hiki kuanza. Nadhani tunachosoma ni mchezo wa jukwaani uliovaa nguo za televisheni, na mchezo wa jukwaani tangu zamani umekuwa na maisha mawili, la kuchezwa na la kusomwa.

#4 FundiJukwaa

Naomba nipinge, na nitapinga kwa urefu.

Skripti ni ramani ya nyumba, na hakuna anayelala ndani ya ramani. Mnachokisifu hapa kilifanywa na watu wengi ambao majina yao hayapo kwenye jalada. Ule mtindo wa watu kuzungumza huku wakitembea, ambao umekuwa kitambulisho cha tamthilia hii, ulijengwa na mwongozaji Thomas Schlamme pamoja na mpiga picha anayerudi kinyumenyume mbele ya waigizaji bila kukata. Kwenye karatasi kazi yote hiyo inakuwa vichwa vichache vya mandhari: korido, ofisi, korido tena.

Chukueni pia tukio la msimu wa kwanza ambapo C.J. Cregg, msemaji wa Ikulu, anaigiza wimbo wa The Jackal kwa kufuatisha midomo mbele ya wafanyakazi wenzake. Allison Janney alikuwa na mazoea ya kufanya hivyo pembeni, wakati kamera hazipo, na mtunzi alipolijua jambo hilo akaliingiza kwenye kipindi. Maana yake mwigizaji ndiye aliyetangulia na karatasi ikamfuata. Ukilisoma tukio hilo bila kumwona Janney, unabaki na taarifa tu kwamba mtu fulani anafuatisha wimbo.

Sijamtaja bado John Spencer, aliyecheza Leo McGarry, mkuu wa watumishi wa Ikulu. Yule bwana aliweza kusikiliza kwa namna ambayo ungeelewa msimamo wake kabla hajatamka lolote, na hakuna skripti inayoweza kuandika kusikiliza. Kwa hiyo anayesema kwamba anafaidi zaidi kitabu, mimi naona anafaidi kumbukumbu ya waigizaji, na kitabu kinamsaidia kukumbuka.

#5 KalamuYaMwanzi

FundiJukwaa, hoja yako ya kumbukumbu ni nzito na nimeipokea, lakini ina upande wa pili. Inafahamika kwamba Sorkin hakuwaruhusu waigizaji wabadilishe maneno yake. Walitakiwa kuyasema kama yalivyoandikwa. Kama ni hivyo, basi kilichomo kitabuni na kilichosikika ni kitu kilekile, na tofauti iliyobaki ni nani anayeshika mwendo, wao au mimi.

Mfano mzuri ni Two Cathedrals, kipindi cha mwisho cha msimu wa pili, Mei 2001. Rais Bartlet anabaki peke yake kanisani baada ya mazishi ya katibu wake, anamkaripia Mungu, na sehemu ya maneno hayo anaisema kwa Kilatini ambacho mtazamaji hakutafsiriwa. Kwa anayetazama, Kilatini kile ni ghadhabu tupu. Kwa anayesoma, ni sentensi ambazo anaweza kuzifuata moja moja akiwa na kamusi, na akizifuata atagundua kwamba Rais anajenga hoja dhidi ya Mungu kama mwendesha mashtaka.

#6 FundiJukwaa

Kipindi hicho hicho kinamalizikaje? Anaulizwa na waandishi wa habari kama atagombea tena, anatia mikono mfukoni, na uso wake unajibu. Nakuachia karatasi yako na kamusi yako ya Kilatini.

#7 WakiliWaKijiweni

Mimi naingia kwa mlango mwingine. Nilivutwa na skripti hizi kwa sababu ya taratibu za uendeshaji wa dola, ambazo televisheni huzipitisha mbio kwa kuogopa kumchosha mtazamaji.

Kuna kipindi cha mwaka 2001 kiitwacho The Stackhouse Filibuster. Seneta mzee anasimama na kuongea saa nyingi mfululizo ili kuuzuia muswada wa afya ambao Ikulu inauhitaji, na sehemu ya habari hiyo inasimuliwa kupitia barua pepe ambazo watumishi wa Ikulu wanawaandikia watu wao. Fundo la kipindi ni kanuni moja ya Seneti: anayehutubia hawezi kukaa wala kumwachia mwingine nafasi, lakini anaweza kupokea swali bila kupoteza haki yake ya kuendelea, na hata swali hilo likiwa refu kama hotuba. Watumishi wanapogundua kwamba seneta anampigania mjukuu wake mwenye usonji, wanawatafuta maseneta wengine wenye wajukuu wamuulize maswali ili apumzike. Nilipotazama, nililia. Niliposoma, nilielewa kwa nini nililia, kwa sababu kanuni ile imepandwa mapema kwa utulivu kabla haijahitajika.

Na mwishoni mwa msimu wa nne, binti wa Rais anapotekwa na Rais anajiweka kando kwa muda, Marekebisho ya 25 ya Katiba yanampa Spika madaraka ya urais. Huo ni mtaala mzima wa katiba ndani ya onyesho moja.

#8 Hansadi

Wakili, marekebisho kidogo, kwa heshima. Marekebisho ya 25, yaliyoidhinishwa mwaka 1967, hayamtaji Spika kuwa ndiye anayekaimu. Kifungu cha tatu kinazungumzia Makamu wa Rais, na hivyo ndivyo kilivyotumika George W. Bush alipomkabidhi Dick Cheney madaraka kwa saa chache mwaka 2002 na 2007, na Joe Biden alipomkabidhi Kamala Harris mwaka 2021, mara zote kwa sababu ya uchunguzi wa utumbo. Katika tamthilia, Makamu wa Rais Hoynes alikuwa ameshajiuzulu na kiti kiko wazi, ndipo Sheria ya Urithi wa Urais ya mwaka 1947 inapomfikia Spika. Sheria hiyo inamtaka Spika aachie kwanza uspika na ubunge wake, na ndiyo maana Walken, aliyechezwa na John Goodman, anajiuzulu kabla ya kuapa. Anaacha kazi aliyoitafuta kwa miaka mingi ili kushika kwa muda mfupi kazi ya mpinzani wake. Hapo ndipo palipo na mchezo wenyewe, na ukiisoma taratibu hutapita bila kuliona.

#9 BintiSarufi

Kumbe jina la WakiliWaKijiweni lilichaguliwa kwa uangalifu.

#10 WakiliWaKijiweni

Kijiwe hakitozi ada, BintiSarufi. Hansadi ameniunga mkono bila kukusudia: amelazimika kurudi kwenye vifungu, na skripti ndiyo iliyomrudisha huko.

#11 KurasaZaRangi

Kuna jambo mnalichukulia kuwa wazi, nalo si wazi: mnaposema "skripti", mnasema ipi?

Katika uzalishaji wa Marekani, toleo la kwanza linalosambazwa kwa wahusika huwa kwenye karatasi nyeupe. Yakifanyika mabadiliko, kurasa zilizobadilika huchapwa kwenye karatasi ya rangi nyingine, na mpangilio uliozoeleka ni buluu, kisha waridi, manjano, kijani, na kuendelea. Kufikia siku ya kupiga picha, mwigizaji anaweza kuwa na skripti yenye rangi nyingi, na kila rangi ni alama ya jambo lililobadilishwa mawazo. Sorkin alijulikana kwa kuchelewesha maandishi yake, kwa hiyo haya hayakuwa mambo ya nadharia kwake.

Kitabu kilichochapishwa kinazifuta rangi hizo zote. Unapata maandishi safi, ya mwisho, ya herufi za aina moja, kana kwamba yalitoka kichwani mwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Nadhani sehemu ya mvuto wake ni udanganyifu huo. Msomaji anapenda kuamini kwamba serikali inaweza kuzungumza kwa sentensi zilizokamilika, na kwamba mwandishi naye anaweza kuziandika bila kufuta. Mimi ningelipa zaidi kwa toleo lenye rangi zake.

#12 SijaitazamaBado

Salaam. FundiJukwaa aliposema kwamba tunafaidi kumbukumbu ya waigizaji, nikaona ninaweza kutumika kama kipimo, kwa sababu mimi nilizisoma kabla sijaona hata kipindi kimoja. Kitabu nilikipata kwa rafiki aliyekuwa akihama.

Nilivutiwa, kwa hiyo kumbukumbu peke yake haitoshi kuwa maelezo. Hata hivyo niligundua kasoro ambayo labda nyinyi mnafichwa na nyuso mnazozijua: wahusika wote wanaongea kwa ulimi mmoja. Funika majina kwa mkono, soma majibizano, kisha jaribu kusema nani ni Josh na nani ni Sam. Wote wana akili, wote wana mzaha, wote wanamaliza sentensi kwa namna inayofanana. Ilibidi nirudi juu mara kwa mara kuangalia nani anaongea.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi kipindi cha kwanza kinavyomchelewesha Rais. Tunasikia kwamba ameparamia mti kwa baiskeli, watu wanaamshwa kwa simu, ofisi inahangaika, na yeye mwenyewe haonekani hadi karibu na mwisho. Kwa mtu asiyejua ni nani atakayeingia, kurasa zile zina hamu ya ajabu.

#13 MzeeWaManukuu

Kuhusu Rais kuchelewa, hata mpango wa awali ulikuwa kwamba asionekane sana, kwa kuwa tamthilia ilikusudiwa kuwahusu watumishi wake. Martin Sheen alipoingia kumcheza Rais, hesabu zikabadilika.

Kuhusu ulimi mmoja, sikubaliani kikamilifu. Toby hukataa kwanza ndipo afikiri, na Sam hufurahia sentensi yake mwenyewe kabla hajaimaliza. Lakini nakupa hili bure: ukisoma kazi nyingine za Sorkin utakuta misemo ileile ikihama kutoka tamthilia moja hadi nyingine. Sikio linasamehe, karatasi haisamehi.

#14 Mizani

Hadi sasa hakuna aliyeigusa siasa yenyewe, wakati mada inasema "skripti za siasa".

Bartlet ni profesa wa uchumi mwenye tuzo ya Nobel, gavana wa zamani wa New Hampshire, Mdemokrati mcha Mungu anayenukuu vitabu. Ni Rais ambaye kundi fulani la wapiga kura wa Marekani lilitamani kuwa naye mwishoni mwa enzi ya Clinton, na lilizidi kumtamani baada ya uchaguzi wa mwaka 2000. Wanaozisoma skripti hizi leo, kwa maoni yangu, wanasoma ndoto ambamo mwenye hoja bora hushinda, na karatasi inaihifadhi ndoto hiyo vizuri kuliko picha, kwa sababu picha imezeeka pamoja na simu zake na suti zake pana.

Lakini karatasi hiyo hiyo inafichua hila. Mwanzoni mwa msimu wa pili anaingia Ainsley Hayes, mwanasheria wa Republican, anamshinda Sam kwenye mdahalo wa televisheni, na Ikulu inamwajiri. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba upande wa pili umetendewa haki. Msomaji anaweza kufuatilia, onyesho kwa onyesho, ni nani anayepewa hotuba ndefu, ni nani anayepewa neno la mwisho, na ni nani anayeshinda kwa hoja badala ya kushinda kwa ucheshi. Nilipofanya hivyo nilianza kumheshimu mwandishi kama fundi na kumtilia shaka kama shahidi.

#15 KalamuYaMwanzi

Mizani, hilo la shahidi ndilo nililolitafuta katika bandiko la kwanza, na sikulipatia maneno.

#16 LondonKwaUkungu

Wenzetu wa Uingereza walishalipima jambo hili kwa njia mbili tofauti. Yes Minister, kichekesho cha siasa cha BBC kilichoanza mwaka 1980, ilichapishwa skripti zake na watu wakazinunua kwa wingi. The Thick of It, kichekesho kingine cha siasa kilichoanza mwaka 2005, nayo ilitolewa kitabu cha skripti mwaka 2007.

#17 Hansadi

LondonKwaUkungu, Yes Minister haikujulikana kwa wasomaji kama skripti. Jonathan Lynn na Antony Jay waliigeuza kuwa shajara za waziri Jim Hacker, zenye maelezo ya wahariri wa kubuni na nyaraka za ofisini. Nadhani uamuzi huo unaihusu mada moja kwa moja, kwa sababu watunzi wenyewe waliona kwamba msomaji anahitaji kitu cha kusoma, wakabadilisha umbo. Shajara inampa Hacker nafasi ya kujisifu kwa kushindwa kwake bila kujua, jambo ambalo majibizano matupu hayawezi kulifanya kwa urahisi.

The Thick of It ni kitendawili kingine. Waigizaji walicheza kilichoandikwa, kisha wakapewa nafasi ya kubuni papo hapo. Sasa kinachoitwa skripti kitabuni kinasimama wapi kati ya hivyo viwili? Kwa Sorkin swali hilo halizuki.

#18 MsomajiWaKale

Ningependa kuongeza kwamba kwa msomaji wa Kiswahili mshangao huu haupaswi kuwa mkubwa. Wengi wetu tuliijua tamthilia kama kitabu kabla ya kuijua kama onyesho. Tulimsoma Kinjeketile wa Ebrahim Hussein darasani na tukabishana juu ya uongozi na imani bila kuona jukwaa. Na kiongozi wa nchi mwenyewe, Mwalimu Nyerere, alikaa akamtafsiri Juliasi Kaizari wa Shakespeare, mchezo wa siasa kuliko michezo yote, akauchapisha mwaka 1969 ili usomwe. Mazoea yetu ni ya karatasi.

#19 BintiSarufi

Tafsiri hiyo ilitoka kwanza mwaka 1963. Ya 1969 ni ile aliyoisahihisha. Rais wa kweli akirekebisha maandishi yake ni jambo ambalo KurasaZaRangi angelipenda.

#20 KurasaZaRangi

Ninalipenda. Sasa niambieni mistari aliyoibadilisha.

#21 NyumaYaPazia

Nimefuata mjadala kimya, na naona mnamtaja Sorkin kana kwamba aliandika peke yake kisiwani. Aliandika sehemu kubwa mno ya misimu minne ya kwanza, hilo ni kweli, lakini alikuwa na chumba cha waandishi na washauri waliowahi kufanya kazi hizo hasa, akiwemo Dee Dee Myers, aliyekuwa msemaji wa Ikulu ya Clinton. Tuzo ya Emmy ya uandishi ya mwaka 2000, kwa kipindi cha In Excelsis Deo, aliipokea pamoja na Rick Cleveland, na baadaye wawili hao walitofautiana hadharani juu ya nani alichangia nini. Kitabu chenye jina moja kwenye jalada kinayafunika mabishano ya namna hiyo. Labda tunavutiwa na skripti kwa sababu inatupa mtu mmoja wa kumsifu, wakati televisheni ingetulazimisha kusoma orodha ndefu ya majina mwishoni.

#22 FundiJukwaa

Hatimaye amepatikana mwenzangu.

#23 Mizani

NyumaYaPazia amenikumbusha swali. Sorkin na Schlamme waliondoka baada ya msimu wa nne, mwaka 2003, na vitabu vikaishia hapo, ingawa tamthilia iliendelea kwa misimu mitatu chini ya John Wells. Kama mvuto unatokana na taratibu za dola, kama anavyodai Wakili, basi misimu ile, hasa kampeni ya urais ya Santos dhidi ya Vinick, ingepaswa kusomeka vizuri sawasawa. Ipo hata skripti ya mdahalo wao, kipindi kilichochezwa mubashara Novemba 2005, mara moja kwa pwani ya mashariki na mara ya pili kwa pwani ya magharibi. Nani hapa angeinunua?

#24 WakiliWaKijiweni

Mimi, kesho asubuhi. Wagombea wawili wanakubaliana kuziweka kando kanuni za mdahalo na kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna kipindi kingine kinachofaa zaidi kusomwa taratibu.

#25 MzeeWaManukuu

Mimi nisingeinunua. Ningetaka kuziona zile mara mbili zote, ya mashariki na ya magharibi, nijue walitofautiana wapi.

#26 SijaitazamaBado

Msinisimulie nani alishinda uchaguzi. Ndiyo kwanza nimefika msimu wa tatu.